Baba Kati ya Walio Hai

Siku ile baba alikuwa anafukua shimo la ndizi. Lilikuwa shimo la zamani, nyuma ya nyumba yetu kule Burundi, kwenye mteremko, na kila tulipokuwa na sherehe alilisafisha, akawasha moto ndani mpaka udongo ukashika joto, kisha akazoa majivu na kutandika majani mabichi ya mgomba. Humo ndimo ilimopangwa mikungu ya ndizi mbichi, ikafunikwa kwa majani na udongo, ikaachwa iive kwa ajili ya pombe. Pembeni kulikuwa na tundu la kupitishia moshi. Kwa watu wa kwetu hakuna sherehe bila pombe ya ndizi, hata kama sherehe yenyewe ni ya mtoto wa miaka minane anayepokea komunyo ya kwanza. Mtoto huyo nilikuwa mimi.

Mama alikuwa ameondoka asubuhi kwenda misheni kuchukua gauni langu. Masista walikuwa wamenishonea la kitambaa cheupe, mikono mifupi, na nilikuwa nimelijaribu mara moja tu, likiwa bado halijapindwa chini. Mama alikataa kwenda nami kwa sababu nilikuwa na kikohozi. Nilinuna. Baba akanicheka, akaniambia bibi harusi hajifuatii gauni mwenyewe, kisha akanipa kazi ya kumwangalia Deo, mdogo wangu, ambaye umri wake ulikuwa ule wa kukimbilia kila moto anaouona.

Mimi sasa ni fundi cherehani sokoni Mpanda, na nina wajukuu. Nimeshona magauni mengi ya komunyo, na watu wananiambia kitambaa cheupe kinanitii. Lile la kwangu sikuwahi kulivaa.

Habari za fujo zilikuwa zinazunguka. Wapita njia walisema upande wa chini watu wanachukuliwa majumbani na hawarudi. Baba alisikiliza na kuendelea na kazi. Alikuwa mkulima wa kahawa na kiongozi wa rozari wa kilima chetu, si zaidi ya hapo, na aliamini kwamba ugomvi wa wakubwa huishia kwa wakubwa. Simlaumu. Kilima kizima kiliamini hivyo.

Mchana jirani yetu mmoja alipita uani akikimbia, wala hakusalimia. Kwetu mtu hapiti kwenye nyumba ya mtu bila salamu, hata kama mmegombana. Baba alimfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye mibuni. Kisha akatazama upande wa barabara.

Sijui aliona nini.

Aliweka jembe chini. Akamnyanyua Deo, akamshusha shimoni, halafu akanishusha mimi. Majani yalikuwa na uvuguvugu. Aliniambia nimzibe Deo mdomo akilia, na nisitoke mpaka yeye au mama aje kutufungua.

Akalaza miti juu yetu, akaweka majani, akapanga mikungu. Mwanga ukapungua kidogo kidogo, ukabaki ule wa tundu la moshi. Udongo ukaanza kuanguka juu ya majani. Alikuwa anatufukia jinsi alivyofukia ndizi.

Sikuogopa. Nilidhani baba anajua anachofanya, na kweli alikuwa anajua.

Zikaja sauti za wanaume.

Mmoja aliuliza ni nani mwingine yuko nyumbani. Baba akajibu kwamba mke na watoto wako misheni. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuongea na mnunuzi wa kahawa. Akaulizwa anafanya nini hapo. Akasema anaivisha ndizi.

Mtu akakanyaga juu yetu. Mchanga ukaniingia machoni.

Deo aling'ata kiganja changu. Nikamwacha ang'ate.

Kisha nikamsikia baba akisema, "Twendeni." Nyayo zikashuka kuelekea barabarani. Nilisikiliza sana. Hakukuwa na kelele, wala mlio wa bunduki, si wakati ule wala baadaye. Kuku walirudi uani wakaanza kuchakura.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka nilipousikia udongo ukifukuliwa kwa mikono. Alikuwa mama. Hakutuita majina, hakuzunguka nyumba, hakuingia ndani kututafuta. Nilisikia mtu anahema, na kilichofuata ni vidole vyake vikipenya kwenye majani. Wakati ule sikuona ajabu. Mtoto hashangai mama yake akijua alipo.

Alitutoa, akatupapasa mwili mzima kama mtu anayechagua mbuzi mnadani, akauliza tulisikia nini. Nilimweleza yote. Kwamba baba ameondoka na watu, kwamba ni yeye mwenyewe aliyesema twendeni, na kwamba hatukusikia bunduki.

"Hamkusikia bunduki," akarudia.

"Hatukusikia, mama. Baba atarudi?"

Mama aliinuka. Kitenge chake kilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini. "Simameni," akasema. "Tunatangulia. Yeye atatukuta."

Niliuliza gauni langu liko wapi. Akasema limebaki. Nilielewa kwamba limebaki misheni, na nilikuwa na hasira nalo njia nzima, kwa sababu hasira ya gauni ilikuwa ndogo na niliweza kuibeba.

Kuhusu safari nitasema machache. Tulitembea na watu wengine kwenye vijia vya katikati ya mashamba, tukilala tulipochoka. Mama alimfunga Deo mgongoni, akasali rozari kwa vidole, maana rozari yenyewe ilikuwa imebaki ukutani. Kitu kimoja ninakikumbuka vizuri kuliko vingine. Mwanamke tuliyekuwa naye alipata habari njiani kwamba mumewe ameuawa. Akaketi palepale kandokando ya kijia, yeye na watoto wake. Kwetu aliyefiwa hukaa chini. Hashiki jembe, hasafiri, hafanyi sherehe, na nyumba yake inabaki kwenye matanga mpaka ukoo ukutane na kuyaondoa kwa ibada na pombe, jambo tunaloliita kuganduka. Watu walimsihi ainuke. Akasema hawezi kumwacha mume wake bila kumkalia matanga. Tulimpita. Mama aligeuka nyuma kumtazama mara nyingi, mpaka mibuni ikamficha.

Hatukumwona tena yule mwanamke wala watoto wake.

Tulivuka mto wa mpakani, tukapokelewa, na baada ya muda tukapakiwa kwenye malori kuletwa huku Mpanda, msituni, mahali pa kuanzisha makazi. Tulipewa jembe, shoka, kipande cha pori, na chakula cha kutusogeza mpaka mavuno ya kwanza. Mbung'o walituuma mpaka tukazoea. Waliotutangulia kuishi nchi hii, Wabende na Wakonongo, walitufundisha kula asali na masega yake na kutambua njia ya tembo. Mama alifyeka mwenyewe. Majirani walisema ana nguvu za mwanaume, naye alijibu kwamba nguvu anazo za kuazima, mwenye nazo yuko juu.

Kabla hatujawa na kanisa tulikuwa na sala ya jioni. Tulipiga magoti kwenye udongo, mama akaongoza. Baada ya rozari alitaja majina. Alianza na walio hai, mmoja mmoja, kisha akanyamaza kidogo, akataja marehemu, tukamalizia na sala ya raha ya milele. Jioni ya kwanza nilisubiri kwa roho juu kujua jina la baba litaangukia wapi. Lilikuja mapema, la kwanza kabisa kati ya walio hai. "Pontiani, mume wangu, Mungu umlinde alipo." Nikalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani.

Likabaki hapo. Deo alipoanza shule lilikuwa hapo. Nilipopata komunyo ya kwanza, katika kigango cha nyasi, nikiwa na gauni la kuazima lililonibana kwapani, jina lilikuwa hapo. Padre alipokuja na kueleza kwamba Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu, wanawake wote wa makazi walikuwa na waume wa kuwataja. Mama alitaja wazazi wake.

Nilianza kuelewa nikiwa na miaka kumi na kitu. Wanaume waliokuja baadaye, waliopona kwa bahati, walizungumza wakidhani watoto hatusikii. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba wale waliochukua watu majumbani mara nyingi hawakupoteza risasi. Walikuwa na vitu vingine mikononi. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya banda la mahindi. Maneno yangu yalikuwa ya kweli, hatukusikia bunduki, lakini hayakuwa na maana yoyote, na mama alikuwa ameyajengea nyumba na kuhamia humo.

Sikumwambia. Deo alipokua nilimweleza yeye, tukapatana kwamba tusimguse mama kwenye hilo jambo.

Halikuwa jambo dogo. Mwanamke wa kwetu asiye mjane wala mwenye mume hana mahali pa kukaa. Katekista mmoja mwenye heshima zake, aliyefiwa na mke, alituma watu kumposa mama. Mama aliwapa uji, akawaambia yeye ana mume. Wajane wa kigango walipounda umoja wao wa kulimiana, walimwita, akawasaidia kulima lakini akakataa kuhesabiwa nao. Baba mdogo Sirili, mdogo wake baba, alipotufikia baada ya kuzunguka kambi nyingi, alikuja na shauri la ukoo. Alisema kaka yake amekufa, kila mtu anajua, na nyumba haiwezi kukaa bila kuganduka. Watoto wataoaje na kuolewaje? Mama akamjibu kwa adabu kwamba hawezi kuondoa matanga ambayo hayajawekwa.

"Shemeji, unamsubiri nani?" baba mdogo alimuuliza.

"Mimi nimesema namsubiri?" mama akasema. "Nimesema namwombea."

Baba mdogo alitoka akitikisa kichwa. Mimi nilikuwa napepeta mchele hapo mlangoni, na maneno hayo niliyapita kama watu wanavyoipita nyumba iliyofungwa.

Kulikuwa na lingine nililolipita. Malori ya watu wapya yalipokuja, wake wa waliopotea walikimbia barabarani kuuliza, umemwona fulani, mrefu, ana kovu hapa. Baadaye waliuliza hata abiria walioshuka na treni ya kutoka Kaliua. Mama hakuwahi kwenda. Hata mara moja. Aliendelea kupanda maharage. Nilidhani ni imani. Nilimwonea wivu kwa imani hiyo, kwa sababu ya kwangu imekuwa ya kawaida siku zote. Nasali kwa kuwa nilifundishwa kusali, jinsi nilivyofundishwa kunawa mikono kabla ya kula, na nisiposali najisikia mchafu. Zaidi ya hapo sijui kama naweza kujidai.

Nilipoolewa, kiti cha baba kiliachwa wazi katikati ya wazee. Baba mdogo alikaa pembeni yake na kuongea kwa niaba ya mtu aliyekuwa, kwa mujibu wa mama, njiani. Wageni walikitazama kile kiti kuliko walivyonitazama mimi.

Miaka ikaenda. Baba mdogo akafa, tukamfanyia kuganduka kamili. Tukapata uraia, nikahamia mjini na cherehani yangu, Deo akabaki makazini na mama, akaweka mizinga ya nyuki upande wa Ugalla. Jina la baba likawa na umri wa mtu mzee sana kati ya walio hai. Watoto wangu walimwombea babu yao alindwe alipo bila kuuliza alipo ni wapi. Ani, kitinda mimba wangu, aliwahi kupiga hesabu akasema babu lazima atakuwa anatembelea fimbo. Nilimwambia anyamaze.

Ani ndiye aliyetufikisha mwisho. Alipata mchumba, kijana wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia Magamba na ng'ombe zamani kidogo. Wazee wao walikuja kwa mama, makazini, kwa sababu upande wa mume wangu wazee walikuwa wamekwisha, na yeye ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Maongezi yalikuwa mazuri. Tulitaniana. Deo aliwaambia ng'ombe wao wana adabu kuliko wao, maana ng'ombe huwa hawaombi kuongezewa soda. Mzee wao, mtu mpole mwenye kofia ya pama, aliuliza kila kitu kwa utaratibu, akafika kwenye swali ambalo kwao ni la kawaida.

"Sisi ni watu wa mifugo," akasema. "Tukiingia kwenye boma tunamuuliza mwenye boma. Babu wa binti yuko wapi? Kama yupo, tumsalimie. Kama amelala, mtuonyeshe kaburi, tukasalimie kaburi."

Nilimtazama Deo. Deo akatazama mikono yake. Nilikuwa tayari kutoa jibu ninalolitoa siku zote, kwamba alipotea kwenye vita, ambalo halisemi hai wala mfu. Mama akanitangulia. Alisema, "Mzee wangu, umeuliza vizuri. Nipeni muda. Mtakaporudi mtajibiwa."

Mama tangu siku nyingi alikuwa anaona kwa shida na kutembea kwa kushika ukuta, lakini sauti yake ilikuwa haijazeeka. Wageni walipoondoka alimtuma Ani akachote maji, ingawa ndoo zilikuwa zimejaa. Akatuita mimi na Deo. Jua la alasiri lilikuwa linaingia mlangoni mpaka kwenye miguu ya meza. Tukavuta stuli.

"Hapana," akasema. "Kaeni chini."

Tulishuka tukaketi sakafuni. Yeye pia alijishusha, kwa mbinde, akakataa mkono wa Deo. Sisi wote watatu tulikuwa chini, na nikaanza kuelewa kabla hajasema kitu, kwa sababu mwili wa mtu wa kwetu unajua maana ya kukaa hivyo.

Alisema siku ile alikuwa anarudi kutoka misheni na gauni langu mkononi, limefungwa kwenye kitambaa. Alipokaribia njia panda ya chini ya kilima chetu akaona watu wamelala kando ya barabara. Alitaka kuwapita bila kutazama. Akaliona shati alilolitia kiraka yeye mwenyewe. Baba alikuwa bado anapumua. Mama alipiga magoti kwenye ule udongo mwekundu, akamwinua kichwa.

"Alisema shimo la ndizi," mama alisema. "Hakusema lingine. Nilisali naye, yeye akinisikiliza. Halafu hakunisikiliza tena."

Deo alianza kulia, mtu mwenye mvi. Hana kumbukumbu yoyote ya baba. Mimi sikulia. Nilikuwa nahangaika na jambo la ajabu kidogo: kwamba niliishi miaka yote hii na jibu mkononi. Mikono iliyofukua udongo ule ilikuja moja kwa moja. Nani angemwambia tulipo? Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua.

Nikamuuliza kwa nini. Najua sauti yangu haikuwa ya heshima.

"Ungekaa chini," akasema. "Ulikuwa mtoto wa kufuata kila ulichofundishwa. Ningekwambia baba amekufa ungekaa hapo nyuma ya nyumba, na mimi ningekaa, maana miguu yangu ilikuwa inataka kukaa. Halafu ukaniambia hamkusikia bunduki. Nikaona huyu mtoto amenipa njia. Nikaishika."

Alisema alikusudia kutueleza tukishavuka mto. Tulipovuka, Deo alikuwa na homa. Alikusudia tena makazini, jioni ile ya kwanza ya sala, lakini alipofumbua jicho kidogo akaniona nimekaza macho na viganja, nasubiri, na jina likamtoka upande wa walio hai. Baada ya hapo kila mwaka ulizidi kuifanya kazi hiyo ya kusema iwe ngumu. Alijua baba mdogo ana haki. Alijua kiti kile kwenye harusi yangu kilikuwa aibu. Alitaka kusema, na kila alipotaka alikumbuka jinsi nilivyokuwa nikitaja jina hilo, kwa nguvu kuliko majina mengine.

Mimi nilikuwa nalitaja kwa nguvu kwa ajili yake. Nilimwambia hivyo. Tulitazamana, na nikaona kwamba hata yeye hakuwa amelijua hilo.

"Na Mungu je?" nikamuuliza. "Kila jioni ulikuwa unamwambia nini?"

"Mungu alikuwepo pale barabarani," mama akasema. "Yeye sikuwa na cha kumficha. Niliwaficha nyie."

Kisha akasema hataki Ani aolewe kutoka kwenye nyumba yenye matanga yasiyoondolewa, na kwamba amechoka kuwa mke.

Nilikuwa na swali moja limebaki. Nilijua ni la kitoto. Nilikuwa nimeketi sakafuni na miguu yangu ya mtu mzima yenye uvimbe, nikauliza gauni lilibaki wapi.

"Nilimfunika nalo," mama akasema. "Sikuwa na kitu kingine, kitenge nilikihitaji cha kumbebea Deo. Lilikuwa dogo. Nililiweka usoni, likaishia hapa." Akagusa kifua chake, chini kidogo ya shingo.

Hapo nililia.

Nitakuwa mwongo nikisema nilimwelewa siku hiyo hiyo. Nilirudi Mpanda na hasira. Nilikuwa nimembebea mama maneno yangu tangu utoto, nikiamini ndiyo yaliyomfunga, kumbe yalikuwa kamba aliyonishikia mimi. Nilikaa siku kadhaa bila kumpigia simu. Nilishona vibaya, mteja mmoja akarudisha sketi. Kisha hasira ikaisha yenyewe, jinsi ilivyoisha ile ya gauni, nikabaki na kilichokuwa chini yake, ambacho ni huzuni ya kawaida tu, ya mtu aliyefiwa na baba. Ilikuwa imechelewa lakini haikuwa imepungua.

Tulikaa matanga. Baadhi ya majirani walicheka chini chini, kumlilia mtu wa zamani hivyo, lakini wazee wa makazi walikuja wote, na wengine walikaa kupita muda wao. Nadhani walikuwa na wa kwao. Deo alileta asali ya kutengenezea pombe kwa kuwa migomba yetu mwaka huo ilipigwa na ugonjwa, padre akasoma misa kwa nia ya Pontiani, marehemu. Tukaganduka. Wakwe zetu wa Magamba walirudi, wakajibiwa. Mzee wa kofia ya pama aliuliza kama kuna kaburi. Mama akamwambia kaburi liko njia panda, mbali, na kwamba hajui kama kuna aliyemzika. Mzee akavua kofia, akasimama nayo mkononi, akiwa ameelekea upande ambao mama aliuonyesha kwa mkono.

Nimejaribu kupima tulichopoteza. Baba tulimpoteza, hilo halipimiki, na lilifanywa na watu ambao sitawajua majina. Hayo mengine, kiti, wajane, yule katekista mwenye heshima zake, miaka ya mama kuishi katikati ya nyumba mbili, sijui niyaandike kwa nani. Sisi tuliosimama tulifika. Yule mwanamke wa njiani alifanya lililo sahihi kwa mila zetu zote, na hakufika. Siwezi kusema zaidi ya hapo. Siku hizi nikipinda gauni la komunyo la mtoto wa miaka minane, macho yangu hupima yenyewe lingefika wapi kwenye mwili wa mtu mzima. Linafika pale pale alipogusa mama.

Jioni baada ya kuganduka tulisali pamoja, mama akaongoza. Alianza na walio hai. Nilifumba macho nikasubiri jina la kwanza kwa mazoea, nikasikia la kwangu. Likafuata la Deo, la Ani na mchumba wake, na wengine wote mpaka mwisho. Mama akanyamaza kidogo, kama kawaida yake. Kisha akamtaja baba, polepole, mahali pake, na sisi tukaitikia.